Gari Lisilozimwa

Mpaka leo mtu akiniambia "hasira hasara" natamani kumrushia spana. Si kwamba methali ni ya uongo. Ni kwamba watu huipenda baada ya kukuudhi wao wenyewe. Wakishakuchoma ndipo wanakuonya juu ya moto. Mzee wa kanisa letu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, aliniambia maneno hayo mara nne katika mwaka mmoja, na mara zote nne tulikuwa tumesimama mbele ya gari lile lile lililokataa kuwaka.

Lilikuwa gari-nyumba, kuukuu, la petroli, lenye kitanda, sinki ndogo na kabati za mbao ndani. Wamisionari wawili, mume na mke, walikuja nalo kwa barabara kutoka mbali, wakakaa nasi miezi michache, wakachoka, wakarudi kwao kwa ndege. Gari wakaliachia kanisa. Kwa kuwa lilikuwa na kitanda, baraza la wazee likaamua libebe wagonjwa kwenda Mbarara.

Nilifurahi kuliko wote. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa fundi umeme wa magari, nina kibanda changu na kibao juu ya mlango. Nakivale nilikuwa mkulima wa mahindi, tena mkulima mbaya. Na mke wangu alikuwa na presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula mwanga polepole kuanzia pembeni. Kila mwezi alitakiwa kuonwa na daktari Mbarara na kupewa chupa ya matone. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kufifia. Daktari alisema wazi kwamba akikosa matone, mwanga unaoondoka haurudi. Kwa hiyo gari lile kwangu halikuwa mali ya kanisa tu. Lilikuwa macho ya mke wangu.

Kabla halijawekwa wakfu nililipaka rangi. Hakuna aliyenituma. Nje nyeupe, ndani buluu, na buluu aliichagua mke wangu mwenyewe, akanishikia kopo siku mbili nzima nikipaka. Nilifungua kila kilichofungika. Nilipaka hata chumba cha injini, ambacho kilikuwa katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya mfuniko, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Mimi si fundi wa juu juu. Jumapili mchungaji akapaka usukani mafuta, akaomba, na gari likawa la Bwana.

Miezi ikapita vizuri. Kisha taa nyekundu ya betri ikaanza kuwaka kwa haya, hafifu, na asubuhi gari likawa linagugumia badala ya kuwaka. Mzee wa kanisa, aliyekuwa mkuu wa kamati ya usafiri na ambaye maisha yake yote alikuwa amechunga ng'ombe, akatoa hukumu bila kufungua chochote: betri imekufa. Ikanunuliwa mpya Kakoba, mjini Mbarara. Baada ya wiki mbili ikalala. Ikanunuliwa nyingine. Nayo ikalala. Nikamwambia kwamba betri ni ndoo tu. Kama bomba halileti maji, utabadilisha ndoo mpaka uzee. Akacheka na kunipigapiga bega. Sipendi kupigwapigwa bega.

Nikaomba ruhusa nifungue alteneta, mashine inayotengeneza umeme gari likitembea. Nikaipeleka Kakoba kwa fundi mwenye meza ya kupimia. Tukaizungusha, ikatoa chaji safi kabisa. Tukapima na betri, nzima. Mkanda unaoizungusha nilikuwa nimeubadilisha mwenyewe. Nikarudi, nikafunga kila kitu mahali pake, na gari likawa gonjwa vile vile. Nikatoa taarifa mbele ya kanisa lote baada ya ibada, kwa sababu mzee alitaka taarifa itolewe mbele ya kanisa lote.

"Betri ni muzima," nikasema. "Alteneta nayo ni muzima."

Mzee akawageukia watu. "Betri muzima, alteneta muzima. Sasa mugonjwa njo nani, fundi? Njo weye?"

Watu wakacheka. Wanakwaya walicheka, mashemasi walicheka, hata mchungaji alishika kinywa. Ningeweza kusema kwamba bado sijafuata nyaya moja moja, nipeni siku nyingine. Badala yake nilimwambia mzee kwamba betri iliyokufa ni kichwa chake, na kwamba hiyo hata Kakoba haiuzwi.

Wakaniweka chini ya nidhamu. Asiyejua mambo ya makanisa yetu ya Kivu atadhani ni jambo dogo. Unakaa benchi la nyuma. Huimbi, huombi kwa sauti, hushiriki meza ya Bwana, na hugusi chochote kilichowekwa wakfu. Gari lilikuwa limewekwa wakfu. Kwa hiyo mtu mmoja tu katika kanisa lile aliyejua umeme wa magari akakatazwa kugusa gari lenye ugonjwa wa umeme, na watu wazima wenye akili zao wakaona ni sawa. Ningeweza kutoka humo Jumapili yoyote. Ilitosha kusimama mbele, kumwomba mzee msamaha, na kupewa mkono. Sikusimama.

Wao wakapata dawa yao: kusukuma. Dereva, shemasi mpole sana, akawa analaza gari mtelemkoni nyuma ya kanisa, na kwaya inalisukuma ikiimba. Wimbo ukifika kiitikio, yeye anaachia klachi, gari linakohoa, linawaka, watu wanapiga vigelegele. Wakazoea. Wakapenda. Kina mama wazee wakawa wanagombania nafasi ya kusukuma, kama baraka. Nami benchi la nyuma nasikia vigelegele na kusaga meno, maana kitu kibovu kikishapata wimbo wake hakuna atakayekitengeneza tena. Likishawaka, ikawa sheria kwamba halizimwi mpaka lirudi nyumbani.

Siku ya kliniki ya kwanza tangu niwekwe nyuma, walituchukua. Abiria mwenye nidhamu alikuwa anaruhusiwa. Njiani askari wa barabarani akatusimamisha.

"Zima gari," akasema.

"Afande, tukizima haitawaka tena," dereva akajibu.

"Mimi nasema zima! Gari gani hiyo haizimwi? Hiyo ni gari ya wezi. Toa ufunguo, leta lisensi."

Dereva akazima. Askari akasoma karatasi zote, akaziona ni nzuri, akatuambia twende. Tukabaki pale. Palikuwa tambarare, na kwaya yetu ilikuwa Nakivale. Nikamwambia dereva aniache nifungue mfuniko, akanishika mkono kwa upole, akaniambia kwamba yeye hataki kuwa sababu ya mimi kuongeza dhambi. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani ameshika kadi yake ya hospitali. Tulipata watu wa kutusukuma saa tisa. Kliniki ilikuwa imeshafungwa.

Mwezi uliofuata gari halikuwaka hata kwa nyimbo zote za kitabuni. Palikuwa na pickup ya mahindi inakwenda Mbarara asubuhi hiyo hiyo, na mwenye pickup, jirani yetu, akasema mama apande mbele. Hapa ndipo ninapotaka kuruka, lakini sitaruka. Nilikataa. Nilisema gari la kanisa lililopakwa rangi na mikono yangu ndilo litakalompeleka mke wangu, na kama halimpeleki, basi wazee waone walichofanya. Nilitaka waone. Mke wangu akanivuta pembeni.

"Papa," akaniambia, "simama mbele Siku ya Mungu, uombe ule muzee musamaha. Ni maneno tu."

"Maneno yake kwanza," nikasema.

"Matone imeisha tangu siku mingi."

Nilijua kwamba yameisha. Niliiona chupa tupu kila asubuhi juu ya sanduku. Nilikwenda kulima.

Mwezi wa tatu tukafika. Gari lilisukumwa, likawaka, hatukukutana na askari, tukaingia Mbarara mapema. Daktari akamwangalia muda mrefu, akaandika, kisha akamwangalia tena. Jicho la kushoto limekwisha, akasema. La kulia bado lina mwanga wa katikati, na kwa matone bila kukosa utabaki. Akauliza kwa nini tulikosa miezi miwili. Mke wangu akajibu haraka kabla yangu kwamba ni shida ya gari.

Tulipotoka nje dereva alikuwa ameegesha kwenye kimlima, jiwe chini ya tairi, injini ikinguruma kama sheria ilivyotaka. Mke wangu hakutaka kulala kitandani. Akakaa mbele, karibu na mfuniko wa injini, akapapasa mbele yake atafute pa kushika. Alikuwa ameshaanza kuona kwa mikono.

"Hii kitu iko moto," akasema.

"Ni injini, mama," dereva akamwambia.

"Hapana. Injini iko huku. Mimi nashika huku."

Nikainama. Mkono wake ulikuwa kwenye dashibodi, umeshika kitufe cha choki, kile kinachovutwa kuwasha injini ikiwa baridi. Nikaugusa waya wa choki pale unapotokea nyuma ya dashibodi, mbali kabisa na injini, mahali ambapo ulipaswa kuwa baridi kama bati la asubuhi. Ukaniunguza.

Mambo mengine fundi huyajua kwa mwili kabla ya kichwa. Umeme ukitoka kwenye alteneta ukafika kwenye betri, lazima uwe na njia ya kurudi kwenye injini. Njia hiyo ni mkanda mpana wa waya za kusuka, unaofunga injini na bodi ya gari kwa boliti. Sisi tunauita masi. Ukiziba, umeme haukai kusubiri. Unatafuta kichochoro, kama ng'ombe waliokuta lango limefungwa wakapita kwenye migomba ya jirani. Waya mwembamba wa choki, unaotoka dashibodi mpaka kwenye injini, ndio uliokuwa kichochoro chetu. Ndiyo maana ulichemka, na ndiyo maana betri ilipata makombo tu.

Nikamwambia dereva azime gari.

"Hapana, fundi. Uko chini ya nidhamu. Na kimlima hiki kikiisha bila kuwaka, nani atatusukuma?"

Nilipitisha mkono mbele yake, nikazungusha ufunguo, nikazima mwenyewe. Nikasema nikishindwa nitalisukuma peke yangu mpaka Nakivale. Nikainua mfuniko, nikachukua spana chini ya kiti. Mkanda wa masi ulikuwa mzima, boliti yake imekazwa vizuri sana. Nikawaza, mjinga gani alifunga hii? Nilikuwa na orodha ndefu ya wajinga kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza.

Boliti ikatoka. Chini ya mkanda, pale ambapo chuma kinapaswa kugusa chuma, palikuwa na rangi. Imepakwa vizuri, mikono miwili ya rangi, hakuna mchirizi hata mmoja. Mwanzoni, boliti ikiwa bado safi, umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi zake, mikato ile inayoizungusha kuingia. Kutu ilipoingia kwenye nyuzi, njia ikafungwa. Rangi yenyewe ilikuwa buluu.

Nilifungua kila kilichofungika, nikapaka, nikafunga. Hiyo kazi sikuwahi kuikagua, kwa sababu ilikuwa yangu.

Nikakwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikakaza. Betri ilikuwa imebakiza nguvu kidogo, ikatosha. Gari likawaka kwa ufunguo, mara moja, kama siku lilipokuja. Taa nyekundu ikazimika kabisa. Dereva akaruka nje akapiga kelele za Haleluya mpaka watu wa hospitali wakageuka, akasema Bwana ametenda. Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumpiga mtu yeyote.

Tulikuwa tumeshapita Kakoba ndipo mke wangu akauliza.

"Ilikuwa nini?"

"Rangi," nikasema. "Chini ya masi kulikuwa rangi."

"Rangi gani?"

Hakuuliza kama hakimu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Buluu."

Barabara ilikuwa na mashimo na chupa mpya ya matone ilikuwa inagongagonga ndani ya mkoba wake. Aligeuza uso kunitafuta kwa jicho la kulia, kwa namna anavyogeuka mpaka leo, kichwa chote.

"Ile nilichagua?"

"Ile."

"Ulipaka muzuri sana," akasema. "Nakumbuka."

Nilitaka anitukane. Tusi ningejua kulijibu.