Tulivyosaka Risasi Kisarawe

Wenzangu wa Pangani, hapa Kibaha, mliniuliza kwa nini niliondoka mbiombio bila hata kuaga. Nilitumwa, jamani. Katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Kisarawe watoto walikuwa wanaumwa matumbo, wamepauka, na mmoja, Shabani, ameanza kushikwa na degedege. Daktari alishuku sumu ya risasi, yale madini mazito yaliyomo kwenye betri za magari. Mimi Bibi Afya nikaambiwa nikaitafute inakotoka.

Asubuhi tulishika barabara ya Morogoro kwa Landrova ya serikali, tukapita Dar, tukaingia njia ya Pugu. Mzee Kondo, dereva wetu, alilaani kila korongo. Kwenye vilima vya Kisarawe gari lilikohoa weee, lakini likafika.

Mchana, kijijini, mwenyekiti aliitisha mkutano. Nikasimama kifua mbele: "Ndugu zangu, serikali imenituma kutafuta risasi majumbani mwenu!"

Lo! Wanaume wote wakatokomea, kila mmoja akakimbilia kuficha gobore lake la kuwindia nguruwe. Kati ya wanawake waliobaki, mama mmoja, Bi Zuhura, mama yake Shabani, alinikazia macho.

"Mwanangu anakufa, wewe unatafuta bunduki?"

"Si risasi ya bunduki, dada. Ni ile ya kwenye betri."

"Basi si ungesema betri!" akafoka. "Betri tunazo. Fundi Salumu anaziyeyusha, anatuzibia sufuria."

Nilicheka kwa aibu, kisha kicheko kikanikauka. Jikoni kwa Bi Zuhura nilikuta sufuria imezibwa kitako kwa kiraka cha kijivu, na ndani yake uji wa ndimu uliolala humo. Ndimu inailamba ile risasi taratibu, mtoto anainywa. Nikapiga kelele peke yangu: tumeipata!

Fundi Salumu alipoelezwa, akauliza: "Bibi Afya, nimewaua watoto wa watu?"

"Hajafa mtu. Lakini iwe mwisho leo."

Alizunguka mwenyewe nyumba hadi nyumba kukusanya sufuria alizoziba, huku mwenyekiti akipakia betri kwenye gari. Sisi tukambeba Shabani na mama yake kuelekea hospitali. "Kanyaga, Mzee Kondo!" alilia Bi Zuhura, na safari hii mzee hakulaani korongo hata moja.

Wiki kadhaa baadaye, kabla ya kurudi Kibaha kabisa, nilipanda tena kijijini. Serikali ilikuwa imeleta sufuria mpya, wauguzi wamewapima watoto wote, na matumbo yametulia. Nilijisikia mrefu kuliko minazi, sifichi.

Shabani, ameshatoka hospitali, alikuwa uani anagombea ukoko na kaka yake. "Shikamoo Bibi Afya," akasema, mdomo umejaa.

"Marahaba, baba."

Bi Zuhura alinishika mikono. Niliyojifunza ni haya tu: watu husema serikali iko mbali, na mara nyingi ni kweli. Safari hii iliwahi kufika mtoto akiwa hai.