Uzi wa Gogo Ulikaa Getini

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na masweta mawili, kanga kichwani na koti la marehemu mume wangu, na bado meno yaligongana. Ilikuwa Juni. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi michache tu, na mtu wa Tanga akiona moshi unatoka mdomoni mwake mwenyewe, la kwanza ni kupiga shahada. Wenzangu jikoni walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Ilikuwa nyumba ya kulelea wazee, pale Troyeville, Johannesburg. Kazi yangu ilikuwa uhudumu: kuogesha, kuvisha, kulisha, na jambo moja nisilolitegemea, kutembeza. Kila mzee aliyeweza kusimama alipaswa kutoka nje kila siku, iwe joto au kipupwe. Mkuu wetu tulimwita Metroni, mwanamke mrefu wa Soweto, asiyepaza sauti hata akikasirika.

"Jua la Joburg ni dawa isiyouzwa," aliniambia. "Usiwanyime."

Nikaitikia, "Ndiyo, Metroni," na moyoni nikasema huyu mama hamnazo.

Nikakabidhiwa Gogo Nomvula. Gogo ndivyo wanavyomwita bibi huku. Alikuwa ameanguka bafuni, akapasuliwa nyonga, na sasa alitembelea woka, ile fremu ya chuma yenye miguu minne. Kwa kufuma sijapata kuona mfano wake. Sindano zilikwenda huku yeye akitazama dirishani, na hakukosa kitanzi.

Kipupwe kile kilikuja kwa hasira. Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na mabomba yalikataa kutoa maji. Kwetu mgonjwa hatolewi kwenye baridi. Hata upepo wa mlangoni tunauogopa. Basi nikamfunika Gogo mablanketi, nikamwekea chupa ya maji moto miguuni, nikawa namletea uzi pale pale alipokaa. Kwenye daftari la matembezi nikaandika "amepumzika". Wiki tatu. Yeye alifurahi, nami nikajiona binti mwema.

Wiki ya nne alitaka kusimama aende chooni, miguu ikakataa.

Metroni alimpima mwenyewe, kisha akaniita barazani.

"Mama Rehema, unampenda Gogo?"

"Sana, Metroni."

"Umempenda mpaka umemlemaza." Alisema polepole. "Mwisho wa Agosti anakuja mtaalamu wa viungo. Gogo asipotembea mwenyewe kutoka mlangoni mpaka getini, atahamishiwa ghorofani, kwa wasioinuka. Wanaopanda kule sijaona wakishuka."

Nililia. Si kwa kugombezwa, bali kwa kuwa lilikuwa kweli.

Hakunifukuza. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alinishika mkono akanipeleka uani, akanifundisha kazi upya. Nguo tatu nyembamba hushinda moja nene, kwa sababu joto hukaa katikati ya nguo na nguo. Mtu hutoka saa tano, sakitu ikishayeyuka, na hurudi kabla ya saa nane. Hutembea upande wenye jua, maana kivulini barafu hubaki na huteleza. Na kipimo cha mazungumzo: mzee akishindwa kumaliza sentensi huku anatembea, mkalishe. Akiongea bila kukoma, mwongezee hatua.

Gogo hakutaka hata kusikia. Tuliongea kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha jikoni.

"Eish, wewe! Mwezi mzima unaniambia baridi inaua. Leo haiui tena?"

Ndipo nikakumbuka kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikachukua kapu lake lote la uzi wa kahawia, nikalipeleka kwa Papa Kabeya, mlinzi wetu kutoka Lubumbashi, aliweke kibandani pake getini.

Uzi wa Gogo ukaisha katikati ya mstari.

"Uzi uko wapi?"

"Getini, Gogo."

"Kaulete."

"Mimi nimeajiriwa kutembeza watu, si uzi."

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu saa tano alidai woka yake. Alifika kwenye ngazi tu, lakini Papa Kabeya alimletea kidonge kimoja cha uzi pale. Kesho yake alimngoja hatua tano mbele. Tukaenda hivyo Julai nzima mpaka Agosti: saa tano uani, alasiri kando ya hita, yeye akifuma na kunitukana kwa upole.

Siku ya mtaalamu, wimbi la baridi likaingia kutoka kusini. Jua halikuonekana. Mtaalamu alisema hawezi kurudi mpaka mwezi ujao, na Metroni akanitazama mimi. Kabla sijasema kitu Gogo alishavaa nguo zake tatu.

"Nimebakiza mkono mmoja wa sweta," akasema. "Nifungulieni."

Nilimfuata nyuma, mikono yangu nimeifunga mgongoni nisije nikamshika, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Getini Papa Kabeya alisimama na kidonge cha mwisho, akamwita kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Kuya, mama! Polepole. Uzi yako iko hapa, haiende fasi ingine."

Katikati ya ua alisimama. Nikaogopa. Nikamuuliza sweta lile ni la nani.

"Unauliza mno," alisema, sentensi nzima, bila kuhema. Akafika. Metroni aligeuka upande kufuta macho, nami nikajifanya sikumwona.

Baadaye nilihamishiwa nyumba nyingine ya wazee, Turffontein, nikawa kiongozi wa zamu, nikafundisha wengi ile saa tano. Sasa nimestaafu. Goti langu linalia kila Juni na kitanda kinanibembeleza. Navishinda vyote viwili. Navaa sweta la kahawia lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, natoka upande wenye jua, na jioni nafuma, vibaya.

Gogo alinitupia sweta hilo mapajani wiki ile ile alipolimaliza. Nilikataa; nikasema ampe mwanawe, aliyekuwa akija kumwona Jumapili.

"Mwanangu haogopi baridi," alisema. "Vaa, twende nje."