Mgeni wa Fundi Cherehani

Watu wa Makebuko wananiita Efrazia mkali, na hawasemi uongo. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilikaa miaka mitano nikikataa kufanya kuganduka, ile sherehe yetu ya kumaliza msiba, kwa ajili ya mwanangu Elikana. Nitaumalizaje msiba wa mtu nisiyejua amelala wapi? Aliyeumia zaidi ni binti yangu Klara, maana msiba ukiwa bado nyumbani huwezi kuozesha mtoto. Mchumba alingoja mpaka akaanza kuchoka. Klara akaacha kunisemesha.

Elikana alikulia kambini, kule Tanzania. Akiwa na miaka kumi na tisa alivuka mpaka kurudi kwetu kupigana vita bila kuniaga, mjinga yule. Baadaye tulisikia tu kwamba amekufa.

Siku moja sokoni Giheta akanishika mkono kijana mmoja, Fredi, aliyepigana pamoja naye. Akaniambia Elikana alipigwa risasi karibu na Muyinga, wakamwacha mlangoni kwa fundi cherehani anayeitwa Hamissi. Nikamfokea, "Miaka yote hii ulikuwa wapi?" Akaanza kulia.

Nilikwenda Muyinga na shemeji yangu Kasiano, amebeba jembe na gunia jipya. Tulitaka kumfukua tumrudishe nyumbani. Hamissi aliposikia mimi ni nani, alikaa chini kwanza.

"Mama, tulikosa," akasema. "Alisema Kiswahili safi, kushinda hata shehe wetu. Hapa kwetu mwenye kusema vile ni Mwislamu tu. Tulimwosha, nikamkatia sanda kwenye kitambaa changu, tukamswalia. Yuko kwenye makaburi yetu. We kasirika, ni haki yako."

Yesu wangu! Mtoto niliyembatizisha, mwimbaji wa kwaya, kaswaliwa! Damu ilinipanda kichwani. Nikamuuliza kwa ukali, alisema maneno gani hayo yaliyowadanganya?

Akajibu mkewe, Fatouma. "Nilimlaza hapa, kwenye mkeka. Akasema, 'Samahani mama, nakuchafulia mkeka wako.' Akaomba maji. Nikamshika kichwa mpaka akakata roho."

Hapo nililia, wee! Adabu ile nilimfunza mimi, kwa fimbo na kwa mapenzi. Miaka yote nilidhani alifia porini peke yake, kumbe alikuwa na mtu wa kumwita mama. Nilimkumbatia Fatouma, nikamshukuru mpaka sauti ikakauka. Hasira yote ilikwisha, na mimi hasira yangu haiishi upesi.

Wakatupeleka makaburini. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri. Kasiano akavua koti, akashika jembe.

"Acha," nikamwambia.

"Shemeji! Tumwache huku, kwa Waislamu?"

"Tumwache. Hapa ana mama wa kumwangalia. Twende nikamwozeshe Klara."