Tulihamia Babati kwa ajili ya mtoto wetu mwenye usonji, halafu mimi nikamficha

Wakuu, habari za jioni.

Naandika huu uzi mke wangu akiwa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kujipamba siwezi. Ameshanifutisha aya moja tayari.

Nilikuwa na duka la dawa za mifugo huko Kiteto. Si mwenyeji wa kule, nilifuata biashara. Nikaoa, tukapata mtoto wa kiume, Elibariki, wenyewe tunamwita Eli. Tangu siku hiyo nikawa Baba Eli, na mnajua ukishaitwa hivyo jina lako la shule linabaki kwenye kitambulisho tu.

Eli alitembea vizuri, anakula vizuri. Ila alifikisha miaka miwili hana neno hata moja. Ukimwita hageuki. Ukimzungushia tairi la baiskeli, hapo anaweza kukaa hata saa nzima anacheka peke yake.

Maneno yakaanza. Mara bubu, mara kiziwi, mara mama yake alikula nini alipokuwa mjamzito. Tukaambiwa tufunge na kuomba, tukafunga na kuomba.

Nieleweke hapa: wateja wangu wafugaji hawakuwa na shida naye. Walikuwa wanamkalisha karibu na ndama, anatulia. Waliotuchosha ni sisi kwa sisi, watu wa kuja. Napita sokoni nasikia, "Yule Baba Eli, wa mtoto bubu." Jina nililokuwa nalipenda likaanza kunichoma.

Baadaye daktari mmoja akampima masikio, akasema anasikia vizuri kabisa. Ndiye aliyetutajia usonji. Akasema mtoto akipata watu wa kumfundisha mapema anaweza kupiga hatua. Shida ni kwamba kijijini kwetu watu hao hawakuwepo. Babati kulikuwa na kituo kidogo, sitakitaja, chenye mwalimu aliyesomea watoto wa namna hii.

Mke wangu hakutaka mjadala. "Wewe baki na dawa zako za kupe. Mimi na watoto tunaenda."

Watoto, maana tulishampata Glory, alikuwa bado ananyonya.

Nikauza duka. Tukapanga nyumba mtaa wa Nangara, yenye geti la bati la bluu, tukaanza upya.

Sasa wakuu, ujinga wangu unaanzia hapa.

Siku ya kuhamia jirani mmoja mwenye genge la mboga alikuja kutusalimia. "Karibuni sana. Tukuite baba nani?" Mke wangu alikuwa ndani na Eli. Mimi nina Glory mkononi. Nikajibu, "Baba Glory."

Sikupanga, lilitoka tu. Ila lilipotoka nikahisi nimetua mzigo. Mji mpya, watu wapya, hakuna anayejua.

Jioni mke wangu akasikia naitwa hivyo. Akanikazia macho. "Humu ndani mtoto wa kwanza ni nani?" Nikamwambia asianze ukali. Alininunia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Eli akawa mtoto wa ndani. Alfajiri namwahisha kituoni na pikipiki yangu kabla majirani hawajafungua milango, nimemfunika na koti. Tukirudi, geti linafungwa. Miezi miwili hivyo. Yaani nimehama wilaya kwa ajili yake, halafu namfunika na koti.

Na kituoni mtoto alikuwa anabadilika. Mwalimu alimpa kadi za picha, kikombe maana yake nataka maji. Siku moja akaibeba kadi ya kikombe, akamfuata mama yake jikoni, akamwekea mkononi. Mama yake alilia. Mimi nikajifanya naenda kuangalia mnyororo wa pikipiki.

Ikaja Jumamosi moja, mchana. Nilitoka kununua umeme, nikasahau kukaza komeo. Mke wangu anamwogesha Glory. Nilikaa huko nikipiga soga na watu, narudi nakuta geti liko wazi, Eli hayupo.

Eli haogopi kitu, na maji anayapenda kupita maelezo. Babati ni mji wa ziwa, na ziwa lenyewe lina viboko. Mke wangu akashika njia ya barabara kuu na Glory mgongoni, mimi nikawasha pikipiki kuelekea ziwani.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa yule jirani wa genge. Umemuona mtoto wa kiume, miaka mitatu, fulana ya njano?

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Akanishangaa. "Baba Glory, kwani una mtoto wa kiume?"

Nikatia gia nikaondoka. Lakini lile swali nilienda nalo hadi ziwani. Wavuvi wakasema hawajaona mtoto. Nikazunguka kule nikiangalia kila penye majani, naita Eli, Eli, najua kabisa haitiki akiitwa. Nililia, sioni aibu kusema.

Simu ikaita. Mke wangu. Amepatikana.

Alikuwa kwenye mashine ya kusaga, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nyumba ya nne. Amekaa juu ya debe anaangalia mkanda unavyozunguka. Mwenye mashine, Mama Paskali, mtu mzima, alimuona anausogelea akazima injini, akamvuta mbali, akampa uji, ndipo akaendelea na kazi huku amemshika mkono.

Nilipofika nikamsalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye baba yake?" Alikuwa na hasira. "Nimemuuliza kila aliyeleta mahindi hapa, mtoto wa nani huyu. Nikataja na kwako, wakanambia kwa Baba Glory kuna katoto ka kike tu. Saa nzima na zaidi mtoto yuko hapa, kwao ni hatua chache. Nilikuwa nafunga nimpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa."

Akauliza, "Sasa wewe tukuite nani?"

"Baba Eli."

Sauti ilitoka ndogo. Mke wangu akasema, "Sema asikie." Nikarudia.

Jioni ileile nikamweka Eli mabegani nikapita nyumba kwa nyumba. Jamani, mimi ni Baba Eli. Eli ndiye huyu. Haongei bado, na ukimwita anaweza asigeuke, si jeuri. Mkimuona peke yake mleteni kwenye geti la bluu.

Nilijiandaa kwa minong'ono. Nikapewa pole, na ndizi. Mama mmoja akasema dada yake ana mtoto kama huyu, huko Singe, hatoki nje. Jirani wa genge akaniuliza, "Na Baba Glory amehamia wapi?" Tulicheka wote, hata mke wangu.

Siku hizi Eli akitoka kituoni tunapitia kwa Mama Paskali. Amemwekea benchi nyuma ya uzio wa mbao, anaangalia mkanda wake hadi aridhike. Mwalimu ametengeneza kadi ya mashine ya kusaga. Akiitaka, analeta kadi.

Neno bado. Sitawadanganya.

Ila wiki iliyopita nilikuwa naye nje, nafunga tairi la pikipiki. Mama Paskali akaniita kwa nguvu kutoka ng'ambo ya barabara, "Baba Eli!"

Aliyegeuka ni Eli. Kabla yangu.

Nilikaa pale na spana mkononi. Nilipomweleza mwalimu alitabasamu, akasema mtoto sasa anasikia jina lake kutwa, kila mtu anayeniita mimi anamtaja yeye. Miezi miwili nilikuwa nimemnyima hilo.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukihama kwa ajili ya mtoto, hama naye mbele za watu. Mwalimu ni mmoja, mtaa una macho mengi, lakini mtaa hauwezi kumlinda mtoto ambaye haumjui.

Wenye watoto kama Eli, hasa mlioko Singe, Mutuka na huku kwetu, semeni humu tujuane. Wenye uzoefu wa watoto wakubwa zaidi, nielekezeni kutoka hapa tulipo tunaenda wapi. Na mwenye kunisema kwa lile koti aniseme, sitabisha.

ID yangu humu ni ya kubuni kama zenu. Jina langu ni Baba Eli.