Binti Yangu Alipotaka Kukatwa Ufizi

Binti yangu mkubwa anafundisha watoto wa chekechea. Akicheka, ufizi wake wa juu huonekana wote, juu ya meno mafupi kama punje za mahindi mabichi. Ameurithi kwangu. Mimi sikuwahi kuuhangaikia, maana fundi cherehani kutwa ana pini mdomoni, atacheka saa ngapi? Yeye tangu sekondari huziba mdomo kwa kiganja.

Juzi nilikwenda darasani kwake kupima watoto sare. Akawaambia, "Haya, semeni a!" Watoto thelathini wakainua viganja, wakaziba midomo, ndipo wakasema "a". Nilicheka hadi futi ya kupimia ikanidondoka. Yeye hakucheka. Jioni akanitangazia: anakwenda kukatwa ufizi, meno yaonekane marefu, mkono ushuke.

"Kukatwa? Kwa kisu?"

"Mama, siku hizi wanakata vizuri. Unapigwa ganzi, unarudi nyumbani kwa miguu yako."

"Kwani ulitaka kurudi kwa miguu ya nani?"

Nilitania, lakini roho haikutulia. Kazi yangu ni kukata. Najua mkasi unavyotamanisha, na najua sura ya mteja ninapomwambia kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye raba za kijani miguuni. "Mama, unaweza kusubiri nje," akaniambia.

"Naweza, ila sitaki."

Akamlaza binti yangu kitini, akaanza kupima kati ya jino na ufizi, jino moja baada ya jingine, kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Nikaona huyu ni fundi mwenzangu, nikapata ujasiri.

"Daktari, ukikata unaacha upindo?"

"Mama jamani!" binti yangu akalalamika, mdomo wazi.

Daktari hakucheka. "Umeuliza vizuri. Kutoka ukingo wa ufizi hadi kwenye mfupa lazima ibaki nafasi, kama milimita tatu hivi. Nikiula upindo huo, ufizi utakuwa unavimba kila mara, au itabidi nipunguze na mfupa."

"Na ukizidisha, unarudishia?"

"Kuurudisha ni kazi ngumu, mama. Wakati mwingine haiwezekani."

Akaeleza kuwa meno manne ya mbele yana ufizi wa ziada, milimita moja na nusu, na huo anaweza kuukata salama. Lakini kuna sababu ya pili ya ufizi kuonekana. "Mdomo wako wa juu unapanda sana ukicheka. Huo mimi siugusi."

"Kwa hiyo ufizi utaendelea kuonekana?" binti yangu akauliza.

"Utapungua. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua dawa nyeupe, nzito kama gundi ya mbao, akaipaka juu ya ufizi wa yale meno manne hadi pale ambapo angekata, kisha akaigandisha kwa taa ya buluu, meno yakaonekana marefu. Nikaelewa mara moja: anamvalisha mteja nguo ikiwa bado na pini. Akampa kioo.

Binti yangu akatabasamu. Kusema kweli, alipendeza. Basi, nikajua, huyu anakatwa.

"Sasa cheka," daktari akasema.

"Nitachekaje bila sababu?"

"Mkumbuke baba yako ndani ya suti ya kwanza niliyomshonea," nikasema.

Akaangua kicheko. Mdomo ukapanda, na juu ya yale meno marefu ufizi ukajitokeza kama kawaida. Na kiganja nacho kikaruka mdomoni.

"Mmh," akasema.

Akakishusha. Akacheka tena kwa makusudi, akajitazama huku na huku, kwa muda mrefu.

"Nikitabasamu, nimependa," akasema hatimaye. "Ila kinachonitesa ni kicheko, na kicheko ni kilekile. Leo sikatwi. Huu mkono nitapambana nao mwenyewe."

"Uamuzi ni wako," daktari akasema huku akiibandua ile dawa. "Ufizi haukimbii."

Wakati huo mimi nilikuwa mlangoni, mkoba wake begani kwangu.

"Mama, mbona haraka hivyo?"

"Usije ukabadili mawazo."

"Na mwakani nikibadili?"

"Nitakuja na maswali mengine. Habari ya kovu sijauliza bado."