Ubeti Aliouinukia

Kwetu pwani mtu haendi kumtunza mwimbaji wa taarabu kwa kuwa tu ana noti mkononi. Huikunja noti yake, akatulia nayo, akasubiri ubeti. Ubeti wake ukifika ndipo anainuka, anakwenda kwa madaha hadi jukwaani, na ukumbi mzima unageuza shingo kutafuta maneno yale yamempata nani. Aliyeinuka ameshasema. Hili analijua hata muuza karanga wa mlangoni. Bosi wangu, aliyekuja pwani kutafuta viwanja akaishia kuwa mhariri, alikuwa hajaambiwa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Mapinga, juu ya duka la mabati. Tulikuwa na ukurasa wa habari mtandaoni, na mimi nilipewa bendi ndogo: zile zisizo na tajiri nyuma yao, zinazorekodi wimbo kwa kuchangishana na kuutoa zenyewe. Vyombo vikubwa havina habari nazo mpaka mtu apigwe kiti. Mimi nilikwenda, nikasikiliza, nikahesabu waliokuja, nikawahesabu tena kwa sababu kiongozi wa bendi huona watu wawili kwenye kiti kimoja, ndipo nikaandika.

Jumapili moja nilikuwa Mlingotini, nikirekodi bendi ya hapa Bagamoyo ikiujaribu wimbo wake mpya kwenye sherehe ya watu. Uzinduzi wenyewe ulikuwa Jumamosi inayofuata, mjini. Jumatano asubuhi mwimbaji wao akanipigia.

"Kaka, uko wapi?"

"Nakunywa chai."

"Imalize upesi. Bi Mkubwa amefunga ukumbi."

Bi Mkubwa ni mke wa kwanza wa mwenye ukumbi wa uzinduzi. Mume alikuwa na hati, yeye alikuwa na funguo, na mlango haufunguliwi kwa hati.

"Amekasirikia nini?"

"Video yenu. Bi Mdogo kaonekana anakuja kunitunza kwenye ubeti wa kanga. Sasa Bi Mkubwa anasema hawezi kutukanwa Mlingotini kisha akatufagilia ukumbi Bagamoyo. Na fidla ndiyo hivyo tena, unajua."

Nilijua. Mpiga fidla wao alikuwa ameitwa na bendi kubwa ya Dar es Salaam. Aliwaambia wenzake atakaa mpaka uzinduzi. Ukifanikiwa anabaki, usipofanikiwa Jumapili anapanda gari. Na bendi ile bila fidla ile ilikuwa kinanda kimoja na watu wanaopiga makofi.

Niliitazama video. Kweli, mwimbaji anaimba, "Kanga iliyopauka, shereheni haifai," na mke mdogo huyo anainuka, kapendeza, noti juu. Mke mkubwa yeyote angefunga ukumbi. Mimi ningefunga na barabara.

Niliitazama tena. Safari hii nilisikia kitu kinachokosekana. Kule Mlingotini jenereta lilikuwa linakohoa nyuma ya jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye video halikohoi.

Nikapanda gari la Mapinga.

"Bosi, sauti hii umeitoa wapi?"

"Ni ya studio, walinitumia wenyewe. Yako ilikuwa jenereta tupu. Nimekusaidia, hata asante hujasema."

"Umemwinua mke wa mtu kwenye ubeti ambao hakuuinukia."

"Kuna tofauti gani? Si ametoa hela tu?"

Nikamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akatazama idadi ya waliofungua. "Hii ndiyo imetazamwa kuliko zote. Siigusi."

Mnunuzi mwenye akili haanzi na bei anayoitaka. Nilianza na tangazo la kuomba radhi, lenye picha yake. Akaruka. Nikashuka kidogo kidogo mpaka pale nilipotaka kufika: aiondoe, na anipe video halisi, kwa sababu simu yangu haina nafasi na nikishatuma huwa nafuta. Akakubali, lakini na yeye akataka chake.

"Jumamosi nataka hao wanawake wawili kwenye picha moja. Wakikumbatiana, sawa. Wakivutana, vizuri zaidi."

"Inshallah," nikasema, na yeye akalihesabu neno hilo kama ndiyo.

Bi Mkubwa nilimkuta uani kwa ukumbi, akisimamia kufuliwa kwa vitambaa vya viti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye simu?"

"Ndimi, mama. Nimekuja na ile ya kweli."

Nikamweleza habari ya sauti kubandikwa, nikampa simu. Jenereta likakohoa. Katikati ya kukohoa mwimbaji akasikika, "Nilikuja sina kitu, ukanipisha kitini," na hapo ndipo Bi Mdogo akainuka. Nikajua kazi imekwisha.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Alitazama mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi.

"Na hii ndiyo umeniletea kama afadhali? Kanga iliyopauka ni tusi la rejareja, mwanangu. Hili la kiti ni la jumla."

Nilikuwa nimeleta sokoni mali ambayo sikuikagua. Ni kweli: kupisha kiti ni kupisha kiti, na kwenye taarabu ni kupisha mume pia.

"Inaweza kuwa shukrani, mama," nikasema. Hata mimi nilijisikia kama anayeuza samaki wa jana.

"Inaweza." Alikamua kitambaa. "Siku alipoletwa nyumba ilijaa watu. Hana pa kukaa, wanamtazama kama mbuzi wa mnadani. Mimi nikainuka nikampa kiti changu. Hakusema asante. Miaka yote hii hajasema."

"Labda ndiyo kasema."

"Au kasema kiti alikitaka tangu siku ile." Akakung'uta kitambaa, maji yakanirukia. "Jumamosi nitafungua. Na yeye aje, akae mbele, karibu yangu. Ubeti ukifika nitamtazama usoni, siyo kwenye simu. Nikiona kejeli, nazima umeme. Na wewe, simu yako mfukoni. Nikiiona nje, nazima umeme vilevile."

Hivyo nilirudi nyumbani na ahadi mbili, moja Mapinga na moja Bagamoyo, na hazikuweza kukaa mfuko mmoja.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri ukumbi ulijaa. Nilihesabu safu, nikazihesabu tena. Safari hii kiongozi wa bendi alikuwa amesema kweli, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Watu walikuwa wameiona video kabla haijaondolewa. Hawakuja kusikiliza wimbo, walikuja kutazama safu ya mbele.

Nyuma ya pazia mwimbaji alinishika mkono.

"Niuruke ubeti wa kiti?"

"Ukiuruka utakuwa umemjibia Bi Mdogo. Uimbe kama ulivyo."

Ubeti wa kanga ulipita. Hakuna aliyekohoa. Bi Mkubwa alikaa wima, funguo pajani, na swichi kubwa ilikuwa ukutani, hatua chache kutoka alipo. Bi Mdogo alikuwa ameikunja noti yake mpaka imekuwa ndogo kama karafuu.

"Nilikuja sina kitu..."

Bi Mdogo akainuka. Nikasikia watu wakivuta pumzi. Lakini hakwenda jukwaani. Aligeuka, akasimama mbele ya Bi Mkubwa, akamnyooshea mkono.

Bi Mkubwa aliutazama ule mkono. Mwimbaji akaurudia ubeti. Mpiga fidla, macho kayafumba, akazunguka tena pale pale, kama mtu anayeshikilia mlango usijifunge. Mfukoni mwangu simu ilikuwa inatetemeka, bosi anapiga. Wanawake wote wawili walikuwa mbele yangu, kwenye picha moja, kama alivyoagiza. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya simu. Nikavitoa, nikafumbata mikono.

"Umechelewa," akasema Bi Mkubwa.

"Nilikuwa natafuta ubeti, dada."

Bi Mkubwa akaziweka funguo kitini, akaushika ule mkono, akainuka. Walikwenda jukwaani pamoja, polepole, wakamtunza mwimbaji noti moja wakiwa wameishika wote wawili, na vigelegele vilivyopigwa vingelizima hata jenereta la Mlingotini. Mpiga fidla alifumbua macho baada ya wimbo kwisha, akauliza kumetokea nini. Jumapili hakupanda gari.

Nilimpelekea bosi habari: jina la wimbo, urefu wake, fidla ilivyoubeba, safu zilizojaa. Akapiga mara moja.

"Picha iko wapi?"

"Ukumbi ulikuwa na giza, bosi."

"Giza la wapi, saa kumi na moja?"

Nikamwambia kwa ukubwa wa habari ile, maneno yanatosha, na kama anaona bei kubwa naweza kumpunguzia mawili matatu.