Midomo ya Mama

Kabla sijaitwa mbele kutoa mada, mwenzangu wa kazini amefungua chupa ya chai yenye iliki, na ghafla harufu inanirudisha utotoni, jikoni kwetu katika mji wa Auburn, ughaibuni.

Mama anakaanga maandazi. Binamu yangu, aliyekuja kuishi nasi na kusoma darasa langu, anafanya mazoezi ya hotuba ya shuleni mbele yake. "Polepole, mwanangu," Mama anamwambia. "Watazame kwanza usoni, ndiyo useme."

Mwanangu! Kwani alimzaa yeye? Mimi nilikuwa chumbani, mlango nimeufunga, nikiwasikia huku nakariri hotuba yangu peke yangu ili siku ya kuitoa nimshangaze Mama.

Siku ilipofika, Mama alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha kitoto. Nilisema bila kukosea hata neno, wote wakanipigia makofi, na yeye pia. Kisha akasimama binamu, akababaika, akasahau katikati. Sikumtazama yeye. Nilimtazama Mama: midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, ikiitamka hotuba ile bila sauti, ikimvusha neno kwa neno mpaka mwisho.

Sasa naitwa. Slaidi ziko tayari. Nawatazama kwanza usoni, mmoja mmoja. Midomo yao yote imetulia.